Plafo na tripleksi mu nyumba ya mbao: angalia kwanza kile unachoficha

Kama unaishi Majengo, Katoyi ao Ndosho, hapa Goma, unajua namna nyumba ya mbao inavyokuwa saa kumi ya usiku. Baridi inapitia katikati ya mbao, na asubuhi matone yanaanguka toka ku manjanja hata kama mvua haikunyesha. Njo maana wengi, wakipata pesa kidogo, wanaita fundi aweke plafo na kufunika kuta.

Si vibaya. Lakini mafundi wengi wanaanza na urembo, na kazi kubwa iko nyuma ya urembo.

Tuanze na yale matone. Yanatoka kwetu wenyewe: pumzi za watu wanaolala, muvuke wa chungu, nguo zilizoanikwa ndani. Hewa ya joto inapanda, inakutana na manjanja baridi, inageuka maji. Ukiweka plafo bila kuacha hewa ipite juu yake, maji hayo yataanguka ku tripleksi. Kiisha miezi michache utaona madoa meusi, na tripleksi inaanza kuachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Acha nafasi chini ya manjanja pande mbili za nyumba, hewa iingie huku itokee kule, na uzibe nafasi hizo na waya wa matundu madogo juu ya panya.

Ku plafo, tripleksi ya milimita 4 inatosha, haina uzito. Ku ukuta inataka kuwa nene zaidi, sababu watoto wanaegemea na kabati inagonga. Lambri za plastiki haziogopi maji, ila moto ukizifikia zinatoa moshi wenye sumu. Gipsi njo inayovumilia moto kuliko zote mbili, kwa kuwa ina maji ndani yake, lakini ni nzito na haipendi nyumba inayotikisika. Kwa nyumba ya mbao, mimi ningechagua tripleksi. Makartoni na masheting ya plastiki, hapana: ni rahisi, lakini plastiki ikishika moto inadondoka ikiwaka juu ya watu.

Sasa hesabu. Tripleksi moja ina metre 1,22 kwa 2,44, karibu metre kare 3. Chumba cha metre 3 kwa 4 ni metre kare 12, na muuzaji atakuambia nne zinatosha. Hazitoshi. Nne zinafikisha 11,9, na bado hujakata hata moja. Nunua tano. Mbao za kushikilia plafo ziachane sentimita 61, toka katikati ya moja mpaka katikati ya ingine, ili kila ukingo wa tripleksi uanguke juu ya mbao. Anzia katikati ya chumba, maana kuta zetu hazinyooki. Kati ya tripleksi na ingine acha milimita 2 ao 3, kiisha funika na kipande chembamba cha ubao. Mimi niliwahi kuzibananisha kabisa wakati wa kiangazi. Mvua zilipofika zilivimba, plafo ikafanya tumbo.

Mbao za karatusi pia, zikiwa mbichi, zinapinda zinapokauka na kuvuta misumari. Ngojea zikauke. Na ukiweza, tumia visi pa nafasi ya misumari. Mupangaji hasa atafurahi: siku ya kuhama anafungua plafo yake na turnavisi, anaenda nayo.

Kabla ya kufunga ukuta, ita mutu wa umeme. Nyaya zipite mu tiyo ya plastiki: milimita kare 1,5 kwa taa, 2,5 kwa prizi. Mahali nyaya zinaunganishwa pawe mu kisanduku kinachoonekana, hata kama hakipendezi. Maunganisho yaliyolegea yanapata moto, na nyuma ya tripleksi kuna nafasi inayovuta hewa kama bomba la moshi. Wewe utasikia harufu wakati miali imefika ku manjanja. Goma na Bukavu, upande wa Kadutu, tumeona mara mingi namna moto wa nyumba moja ya mbao unavyokula jirani. Chora na kalamu ku tripleksi pale waya unapita, ili musumari usiutoboe.

Kunabaki jambo ambalo mafundi hawalisemi. Nyumba ya mbao yenye matundu ilikuwa inapumua. Ukishaizibia, haipumui tena. Mama aliyezoea kuingiza mbabula ya makala ndani juu ya baridi, asiiingize tena. Makala inayowaka inatoa hewa yenye sumu, haina rangi wala harufu, na mutu aliyelala haamki. Hata makala ikionekana imebaki majivu mekundu tu, bado inatoa. Jikoni iwe inje, ao mu chumba chenye dirisha linalofunguka na tundu juu. Ukuta ulio karibu na mbabula usiweke tripleksi: weka manjanja bapa, umeachana na mbao sentimita 2 ao 3, hewa ipite nyuma.

Na pembeni ya plafo, acha kifuniko kidogo kinachofunguka. Mara moja kwa mwezi panda na tochi, uangalie nyaya, maji na panya.