Radi, umeme na ngurumo katika habari za kurusha roketi

Roketi inaposhindwa kuruka siku iliyopangwa, taarifa nyingi za Kiswahili husema tu kwamba safari imeahirishwa "kutokana na hali mbaya ya hewa". Kauli hiyo si kosa, ila hufunika jambo la msingi. Msomaji hufikiria mvua kubwa au upepo mkali, ilhali pengine tatizo ni chaji za umeme zilizomo mawinguni. Mfasiri anayetaka kulieleza hilo hana budi kutenganisha maneno matatu ambayo katika mazungumzo huchanganywa.

Umeme ni mwanga unaomulika ghafla angani. Neno hilohilo hutaja pia nishati iwashayo taa. Ngurumo ni mvumo unaosikika baada ya mwanga huo. Radi ni umeme unaopiga kitu. Ndiyo maana husemwa kuwa mnazi umepigwa na radi, wala haisemwi kuwa umepigwa na ngurumo. Wako wasemaji wanaouita mvumo wenyewe radi, lakini katika maandishi ya kisayansi yafaa tofauti hii ishikwe.

Umuhimu wake huonekana katika kisa cha Apollo 12. Tarehe 14 Novemba 1969, wanaanga watatu waliondoka Florida, Marekani, roketi yao ikapenya mawingu ya mvua. Hapakuwa na mvua ya ngurumo wakati huo. Hata hivyo, roketi ilipigwa na radi mara mbili katika dakika ya kwanza ya safari. Roketi yenyewe ndiyo iliyoichochea: mwili wake mrefu wa chuma, pamoja na mkia wa gesi za moto, uliupa umeme wa mawinguni njia ya kupita. Mitambo ya umeme ya chombo ilivurugika, ikarejeshwa, na safari ya kwenda mwezini ikaendelea.

Roketi ya Atlas-Centaur haikusalimika. Tarehe 26 Machi 1987, ikiwa haina watu, ilipigwa na radi ya namna hiyo muda mfupi baada ya kuruka kutoka Florida. Kompyuta yake ilivurugika, roketi ikaenda upogo, ikaangamia pamoja na setilaiti iliyoibeba.

Kwa hiyo mfasiri anahitaji istilahi mbili: radi ya asili, ambayo ingetokea hata pasipo roketi, na radi ya kuchochewa, ambayo huletwa na roketi inapopita katika mawingu yenye chaji. Ili kuikwepa hii ya pili, wataalamu hutumia vyombo vya ardhini kupima nguvu ya umeme iliyomo angani. Kutosikia ngurumo si ithibati ya usalama.

Vitenzi navyo vina mipaka yake. Kusitisha ni kusimamisha jambo lililokwisha kuanza. Kuahirisha ni kulisogeza hadi wakati mwingine. Kufuta ni kuliondoa kabisa katika ratiba. Tarehe 27 Mei 2020, wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley walikuwa tayari wameketi ndani ya chombo cha SpaceX huko Florida. Chombo kilitakiwa kuruka kwa wakati mmoja tu uliopangwa ili kikifikie Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kungoja mawingu yapite hakukuwezekana. Safari haikufutwa, siku tatu baadaye waliruka salama.

Linganisha sentensi hizi:

1. Safari ilifutwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa.

2. Matayarisho yalisitishwa zikiwa zimesalia dakika zipatazo 17, kwa kuwa ilihofiwa kwamba roketi ingechochea radi; safari ikaahirishwa hadi tarehe 30 Mei.

Ya kwanza inapotosha kwa kitenzi chake na kuficha sababu. Ya pili inamwezesha msomaji kuelewa kwa nini watu wawili walishushwa kutoka juu ya roketi iliyokuwa ikijazwa mafuta, na kwa nini uamuzi huo ulikuwa wa busara.