Piga polishi gari lako nyumbani bila kuliachia michirizi

UKITAKA kujua thamani ya rangi ya gari, jaribu kuliuza. Mwandishi wa makala haya alijifunza hivyo alipokuwa akitafuta mtaji wa kujenga banda la kuku. Gari lilikuwa dogo, jeusi, injini nzima na karatasi zote zipo. Jioni ya kuamkia siku ya mnunuzi, nililipeleka kwa fundi wa jirani likapigwe polishi ya mashine. Liliporudi usiku lilikuwa likimeta kama kioo.

Mnunuzi alifika saa nne asubuhi, jua likiwa limeshawaka. Alilizunguka gari mara mbili, akainama kwenye boneti, kisha akaniita: “Njoo uone mwenyewe, kaka.” Boneti nzima ilikuwa na michirizi ya duara iliyokuwa ikihama kila tuliposogea, mithili ya alama za ufagio kwenye uwanja wa mchanga. Kwenye ukingo mmoja rangi ilikuwa imelika hadi ya chini ya kijivu ikaonekana. “Hili liligongwa likapakwa upya,” alisema. Halikuwahi kugongwa, lakini sikuwa na cha kumwonyesha. Bei ilishuka kwa Sh400,000, na paa la banda la kuku likasubiri msimu mwingine.

Tangu hapo kazi hiyo naifanya mwenyewe nyumbani, na wiki hii nakueleza msomaji namna ya kuifanya bila kuacha alama. Haihitaji nguvu wala ufundi wa ajabu, inahitaji usafi na subira.

Polishi ni msasa

Watu wengi hudhani polishi ni mafuta ya kung’arisha. Kwa kweli polishi ni msasa laini sana uliochanganywa na vimiminika. Haifuti mkwaruzo, bali hupunguza rangi iliyo pembeni mwa mkwaruzo hadi pote pawe sawa. Ndiyo sababu kila ukipiga polishi kuna kitu kinachoondoka kisichorudi.

Kinachoondoka ni ule utando wa juu usio na rangi ambao mafundi huuita klia. Kwenye magari mengi ya kisasa utando huo una unene wa takriban mikroni 40 hadi 50, na mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia: klia ya gari lako ni kama nusu tu ya unene wake. Utando huo ndio unaozuia jua lisiichome rangi iliyo chini. Ukiisha, gari huanza kupauka na kubambuka, na hapo hakuna polishi itakayosaidia, ni kupaka upya.

Magari mengi yanayouzwa hapa nchini yameshatumika Japan kabla ya kuingia bandarini Dar es Salaam, hivyo klia yake ina umri. Wala hujui imeshapigwa polishi mara ngapi huko ilikotoka. Kanuni ya kwanza basi ni hii: ondoa kidogo kadiri inavyowezekana, na ukiridhika, acha.

Chagua mashine kwa uangalifu

Kuna aina mbili za mashine za polishi. Ya kwanza huzunguka mahali pamoja kama feni. Hukata haraka, lakini mkono usiozoea huacha ile michirizi inayohama, na huchoma kingo kwa sekunde chache. Ya pili huzunguka huku ikiyumba, hivyo sponji yake haipiti njia ile ile mara mbili. Ukiikandamiza sana, huacha kuzunguka badala ya kuunguza rangi. Kwa mtu wa nyumbani, chagua hii ya pili.

Aidha, usikubali kabisa grenda ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji, jambo linalofanyika katika baadhi ya gereji. Grenda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya kuzunguka hutumika kati ya mara 600 na 3,000 hivi. Kwa kasi ya grenda, moto unaozalishwa hulainisha klia na kuila.

Pamoja na mashine, andaa sponji zisizopungua nne, taulo laini za maikrofaiba zilizokatwa lebo zake, na polishi ya daraja mbili: ya kukata na ya kumalizia. Rangi za sponji hutofautiana kwa kila kiwanda, hivyo soma maelezo usije ukachukua ngumu ukidhani ni laini.

Uchafu ndio adui

Alama nyingi hazitokani na mashine bali na punje ya mchanga iliyonaswa kati ya sponji na rangi. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kuosha. Mwagia gari maji kwanza ili vumbi lishuke lenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kuosha sehemu moja. Osha kuanzia juu kwenda chini, na sponji ya magurudumu isiguse bodi.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, usiyaache yakaukie juani kwani yataacha madoa meupe. Kausha mara moja kwa taulo safi.

Baada ya hapo pitisha mkono kwenye boneti ukiwa umeuvika mfuko laini wa plastiki. Ukihisi vichengachenga, kuna uchafu ulioganda: lami, utomvu wa miti au chembe za chuma kutoka kwenye breki. Utoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku sehemu ikiwa imelowana vizuri. Udongo ukianguka chini, utupe. Mchanga ulioshika hautoki.

Mwisho funika kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi sehemu zote za plastiki nyeusi, mipira ya vioo, nembo, na hasa kingo za boneti na milango. Kwenye kingo klia huwa nyembamba kuliko kwingine, na ndiko gari langu lilikoumizwa.

Anza na sehemu moja

Lisogeze gari kivulini, chini ya paa, na usubiri bati lipoe. Polishi ikipigwa kwenye bati la moto hukauka, hugeuka unga na kukwaruza. Vua saa, pete na mkanda wenye kichuma. Waya wa umeme upitishe juu ya bega lako ili usiburuze kwenye rangi.

Sasa chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, hilo tu. Anza na sponji laini na polishi ya kumalizia, kwani mara nyingi hiyo inatosha. Weka matone manne ya ukubwa wa njegere kwenye sponji. Gusisha sponji kwenye rangi kabla ya kuwasha mashine, la sivyo polishi itarukia ukutani na kwenye shati lako. Sambaza kwa kasi ndogo, namba 1 au 2, kisha panda hadi 4 au 5.

Peleka mashine polepole, sentimita mbili hadi tatu kwa sekunde. Kuvuka eneo hilo mara moja kutakuchukua karibu sekunde 20, na utaona ni kirefu kuliko ulivyodhani. Kila mstari upande nusu ya mstari uliotangulia. Ukimaliza kwenda kushoto na kulia, pita tena juu na chini. Fanya hivyo mara mbili. Sponji ilale sawasawa, isiinuke upande mmoja, na uzito wa mashine pamoja na mkono mwepesi unatosha.

Kuna mbinu moja rahisi. Chora mstari wa kalamu nene pembeni mwa sahani inayoshika sponji. Wakati wa kazi, mstari huo ukionekana unazunguka, uko sawa. Ukisimama, umekandamiza mno au umeinamisha mashine.

Zima mashine kabla ya kuinua. Gusa bati kwa nyuma ya kiganja: vuguvugu ni sawa, lakini likikufanya uondoe mkono, subiri lipoe. Futa kwa taulo safi bila kukandamiza, kisha angalia. Kama mikwaruzo imepungua kiasi cha kukuridhisha, hiyo ndiyo njia ya gari zima. Kama bado, jaribu polishi ya kukata eneo lile lile, kisha lazima umalizie na ile laini, kwa sababu polishi ya kukata huacha ukungu wake.

Baada ya kila eneo, safisha sponji kwa brashi ya nailoni ili kuondoa klia iliyosagika. Sponji iliyojaa mabaki ni msasa mwingine usioujua. Badilisha sponji ikilowa au ikipata moto, na ile iliyoanguka chini irudi kwenye ndoo kwanza.

Umeme ukikatika

Hili wenzetu wa nchi nyingine hawalisemi, lakini sisi tunalijua. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi ya mashine mara moja na uchomoe waya. Ukiacha imewashwa juu ya boneti, umeme utakaporudi mashine itaruka yenyewe na kuchimba rangi. Kisha futa polishi iliyobaki kwenye bati kabla haijakauka, na uanze eneo hilo upya umeme ukirejea.

Kagua juani, siyo usiku

Fundi wangu alinirudishia gari usiku, na hapo ndipo niliponaswa. Isitoshe, polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda, hivyo gari hung’aa leo na michirizi kutokeza baada ya kuoshwa mara mbili tatu. Dawa yake ni kufuta eneo ulilomaliza kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha kulisogeza gari juani au kulimulika kwa tochi kali kutoka pembe tofauti. Unachokiona hapo ndicho kilichopo. Hii pia ni njia nzuri ya kumpima fundi kabla hujamlipa.

Ukiridhika paka nta nyembamba. Nta haiondoi mkwaruzo, kazi yake ni kulinda.

Usichopaswa kugusa

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo huo ni mrefu kwenda chini kuliko polishi inavyopaswa kufika, uache. Usipige mahali ambapo klia imeanza kubambuka, kwani utapanua kidonda. Kuwa mwangalifu zaidi na sehemu zilizopakwa upya mitaani, ambazo unene wake haufanani na wa kiwandani. Jaribu kwanza kwa kitambaa cheupe na polishi kidogo: kikitoka na rangi ya gari, ujue unasugua rangi yenyewe na siyo klia.

Hesabu yake

Kwa kawaida polishi nyepesi huondoa mikroni chache tu, hivyo gari linaweza kuvumilia mara kadhaa katika maisha yake, siyo kila mwezi. Kwa sababu hiyo, majirani watatu au wanne wanaweza kununua mashine moja kwa pamoja, kila mmoja akawa na sponji na taulo zake. Kijana anayetaka kuifanya biashara ajifunzie kwanza kwenye boneti kuukuu kutoka kwa wauza vyuma chakavu, siyo kwenye gari la mteja. Boneti moja ya mteja ikiharibika, gharama ya kuipaka upya hula faida ya magari mengi.

Gari zima huchukua siku moja hadi mbili. Usilazimishe, Jumamosi hii boneti, ijayo milango.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Mikwaruzo mingi hutokana na kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, au tambara lile lile linalopita kwenye magari kumi ya kijiwe cha kuoshea. Nenda na taulo lako, omba gari limwagiwe maji kwanza, na kinyesi cha ndege kitoe siku hiyo hiyo.

Banda langu la kuku lina paa sasa. Lakini kila niliangaliapo hukumbuka kwamba nililipia mabati yake mara mbili: mara moja dukani, na mara moja kwenye ukingo wa boneti.