UKURASA WA AFYA: Mbona mmoja anapenda mgagani na mwingine anautema?



Mwezi huu tunazungumzia mboga za majani. Katika nyumba nyingi za hapa Ziba, na Tabora nzima, kuna ugomvi mdogo usiokwisha wakati wa chakula. Mama amepika mgagani. Baba anakula hadi anakomba bakuli, mtoto mmoja anakula bila neno, na mwingine anakunja uso na kusukuma sahani. Huyo huitwa mkaidi, pengine huchapwa. Mkamwana aliyetoka mkoa mwingine naye akishindwa mlenda, watu husema anaringa. Je, ni ukaidi na maringo kweli?

Ndimi hazifanani

Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akimimina unga fulani katika maabara, nao ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba unga ule ni mchungu sana mdomoni. Fox mwenyewe hakusikia uchungu wowote. Walipowaonjesha watu wengine, ikaonekana kwamba wapo wanaousikia uchungu ule na wapo wasiousikia kabisa. Baadaye ilithibitika kuwa tofauti hiyo hurithiwa, na mwaka 2003 wataalamu waliitambua chembe ya urithi inayohusika zaidi.

Kabichi na sukuma wiki zina viini vya uchungu vinavyofanana na vya unga ule. Mgagani nao una viini vya jamii hiyo, pamoja na vingine vinavyouongezea uchungu. Kwa hiyo watoto wawili wa tumbo moja wanaweza kula chungu kimoja, na kila mmoja akasikia ladha yake. Tena watoto kwa kawaida husikia uchungu kuliko watu wazima.

Uchungu huo una kazi yake. Mimea mingi yenye sumu ni michungu, hivyo ulimi hutuonya. Kisamvu kibichi kina sumu, na matunda mabichi ya mnavu nayo si salama.

Mlenda ni jambo jingine. Wengi wanaoukataa hawaukatai kwa uchungu bali kwa utelezi. Asiyeuzoea huona kama kitu kibichi au kilichoharibika. Lakini kule Misri majani ya jamii ya mlenda, yanayoitwa molokhia, ni chakula kinachopendwa mno, na huliwa kwa utelezi wake huohuo.

Ulimi hufundishika

Mafunzo huanza mapema. Ladha ya chakula cha mama humfikia mtoto akiwa tumboni, na baadaye katika maziwa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa mimba au wa kunyonyesha walipokea vizuri zaidi uji wenye ladha ya karoti. Mtoto aliyekwisha kuanza kula huhitaji kuonja mboga mpya mara nyingi, pengine mara 8 hadi 15, kabla ya kuikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Hata sisi wakubwa tumefundishwa. Muhogo unaotupa kisamvu, viazi vitamu vinavyotupa matembele, na karanga tunazoungia mboga, vyote asili yake ni Amerika. Viliingia huku bara kupitia mikono ya wasafiri na wafanyabiashara. Kuna kizazi kilichovionja kwa mara ya kwanza, na leo tunaviita vyakula vya nyumbani.

Kwa nini tujisumbue?

Mboga hizi zina vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupigana na magonjwa, na zina madini ya chuma yanayohitajika kwa damu. Ni kweli kwamba watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, lakini matone hayachukui nafasi ya chakula. Mtoto anayejikwaa giza likiingia kwa sababu haoni, au mwenye viganja vyeupe na uchovu, apelekwe zahanati bila kukawia.

Mambo ya kufanya jikoni

1. Chuma mgagani ukiwa mchanga. Kumwaga maji ya kuchemshia hupunguza uchungu, lakini vitamini nyingine huondoka nayo. Ni afadhali kuuchanganya na majani ya maboga au ya kunde, kisha kuunga kwa maziwa au karanga. Mafuta ya karanga pia huusaidia mwili kupokea vitamini A.

2. Magadi yawe kidogo sana, au yaachwe. Huharibu vitamini C.

3. Kula pera, au kamulia ndimu kwenye mboga, ili mwili upate chuma zaidi. Chai isinywewe pamoja na chakula. Ingoje saa moja hivi.

4. Unapokausha nsansa kwa ajili ya kiangazi, anika kivulini penye upepo. Jua kali huharibu vitamini A.

5. Kisamvu kitwangwe vizuri, kisha kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Mnavu uchumwe majani tu.

6. Mtoto asichapwe wala asihongwe peremende. Mpe kijiko kimoja, akikataa mwache, kesho kutwa mpe tena. Naye aone baba na mama wakila mboga hiyohiyo.

Mtoto anayechapwa kwa ajili ya mgagani hukumbuka fimbo kila akiuona. Mtoto anayeonjeshwa kwa upole, mwezi hadi mwezi, huweza siku moja kuomba aongezewe.