Maji Hayaui Joto

Ukiingia katika tembe la Makumbusho ya Livingstone pale Kwihara, alikokaa mwaka 1872, ubaridi hukupokea mlangoni. Kuta nene za udongo huzuia joto lisiingie. Kompyuta ina shida nyingine: joto huzaliwa ndani, na lazima litolewe.

Mwenye nia ya kuipoza kwa maji akumbuke: maji hayaui joto, hulibeba tu kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na feni hulitupa hewani. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji hayashuki chini ya hapo.

Kwa hiyo nasema, chagua kwanza rejeta ya kutosha, ndipo pampu na mipira. Kisha washa pampu peke yake saa kadhaa, ukikagua kila kiungio. Tone moja laweza kuunguza mashine nzima. Tahadhari kabla ya hatari.