Lori gumu kuwaka alfajiri: betri kwanza, pampu baadaye

NJOMBE na Makete huwa na baridi kali kati ya Juni na Agosti. Viazi vilivyopakiwa jioni hutakiwa kuondoka mapema kwenda masoko ya Dar es Salaam. Lori likigoma kuwaka, mwenye mzigo huchelewa soko, na mwenye lori aghalabu hukimbilia kununua pampu ya dizeli ambayo haikuhitajika.

Uchunguzi uanzie kwenye gharama ndogo. Stata ikizungusha injini polepole, kasoro ni ya umeme au oili nzito, kwani baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya 10 wakati stata inazunguka, imechoka. Vichwa vya betri visafishwe na kukazwa kabla ya kununua nyingine.

Stata ikizungusha vizuri, utazamwe moshi. Moshi mweupe ni dalili kwamba dizeli inafika lakini haiungui: plagi za kupasha, kwa injini zilizo nazo, zimekufa, au kompresheni imeshuka. Pasipo moshi, dizeli haifiki: filta imeziba au mipira inavuta hewa.

Anayenunua lori lililotumika alijaribu alfajiri, injini ikiwa baridi. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kompresheni mbovu, na gharama ya kuifungua hula faida ya safari nyingi.