Umemaliza dozi, mbona bado kunaunguza?

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja niliyesoma naye alinipigia simu usiku, anaongea kwa sauti ya chini. Siku tano kabla ya hapo alikuwa amechomwa sindano ya kisonono. Usaha ulikata, lakini akikojoa bado alikuwa anasikia kuungua kwa mbali. Muuzaji wa duka la dawa alishamwambia ni "UTI sugu" na kumtajia vidonge vikali zaidi. Akaniuliza, "Sasa ninunue au nisinunue?"

Nilimwambia asinunue kwanza. Mimi si daktari, nasoma mikrobiolojia, lakini swali lake naliona linawasumbua wengi ambao hawana wa kumpigia simu. Basi tulichambue.

Bakteria kufa na mwili kupona ni mambo mawili

Bakteria wa kisonono wakivamia utando laini wa njia ya mkojo, mwili hutuma chembe nyeupe za damu kupambana nao. Usaha unaouona ni mabaki ya mapambano hayo. Dawa inaua bakteria, ila utando uliojeruhiwa unahitaji muda wa kujijenga upya. Ukizima moto jikoni, masizi hayaondoki saa ile ile.

Kwa kawaida usaha na maumivu ya kukojoa huanza kupungua ndani ya siku mbili tatu. Maumivu ya nyonga au korodani yanaweza kuchukua hadi wiki mbili. Cha kuangalia ni mwelekeo: je, leo ni afadhali kuliko juzi? Kama dalili zinapungua, mwili unafanya kazi yake. Kama zimesimama palepale, zinaongezeka, au zilikwisha kisha zikarudi, hapo kuna jambo.

Mambo manne ya kushuku

La kwanza ni mgeni wa pili. Kisonono na klamidia hupenda kusafiri pamoja. Sindano ya seftriaksoni inayotibu kisonono haiponyi klamidia, na dalili za klamidia huchelewa, mara nyingi wiki moja hadi tatu. Ndiyo maana watu wengi hupewa pia vidonge vya doksisaiklini, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 7. Wapo pia trikomona, ambao si bakteria kabisa na hutibiwa kwa metronidazo, na maikoplazma, bakteria wasio na ukuta wa seli. Dawa inayoua kwa kubomoa ukuta huo, kama seftriaksoni, haina cha kubomoa hapo.

La pili ni kuambukizwa upya. Kuugua kisonono hakukupi kinga. Ukipona leo ukalala na mwenza ambaye hajatibiwa, unaanza moja. Na mwenza huyo anaweza kuwa hana dalili yoyote. Klamidia kwa wanawake wengi iko kimya kabisa. Kwa hiyo kutokuwa na dalili si ushahidi kwamba yuko salama, na wala si ushahidi kuhusu nani alianza kumwambukiza nani.

La tatu ni usugu wa kweli. Bakteria wa kisonono wana historia ya kuzishinda dawa: salfa, penisilini, tetrasaiklini, siprofloksasini. Seftriaksoni bado inafanya kazi kwa wagonjwa walio wengi, na tunataka ibaki hivyo. Usugu haujulikani kwa kubahatisha dukani. Maabara huchukua sampuli, huotesha bakteria na kuangalia dawa ipi inawaua. Kila antibayotiki unayomeza kwa kubahatisha inawapa mazoezi wale watakaosalia.

La nne huenda si ugonjwa wa zinaa tena. Antibayotiki huua pia bakteria wazuri wa ukeni, fangasi wakapata nafasi, muwasho ukaanza. Wanaume nao wana tabia ya kukamua uume kila saa kuangalia kama usaha umerudi. Kukamua huko kwenyewe kunachubua na kuleta majimaji. Sabuni kali na maji ya ndimu vinazidisha.

Kupima tena, lakini lini?

Ukiwahi sana, kipimo kinaweza kukudanganya. Vipimo vya vinasaba hunasa hata mabaki ya bakteria waliokufa, hivyo kwa klamidia ni vizuri kusubiri angalau wiki 4 baada ya matibabu. Halafu, hata kama unajisikia vizuri, rudi upime baada ya miezi 3, kwa sababu maambukizi ya kurudia ni mengi. Pima na VVU pia.

Kaswende ina mtego wake. Kipimo cha haraka cha kuchoma kidole hutafuta kingamwili, na hizo zinaweza kubaki mwilini maisha yote hata baada ya kupona. Watu wamechomwa penisilini mara tatu kwa ajili ya "kaswende isiyopona" iliyopona zamani. Kinachofuatiliwa ni kipimo kingine, RPR, kuona kama kiwango chake kinashuka miezi inavyokwenda.

Usisubiri kabisa ukiona maumivu ya tumbo la chini pamoja na homa, korodani kuvimba, viungo kuvimba, au kama ni mjamzito. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maambukizi yakipanda kwenye mirija ya uzazi yanaweza kuacha makovu, na makovu hayo hayaondolewi na antibayotiki.

Turudi kwa rafiki yangu. Nilimuuliza mawili. Vidonge vya siku saba ulimaliza? Kimya. "Nilikunywa siku mbili, nikaona sindano imetosha." Na mwenzako umemwambia? Kimya kirefu zaidi.

Hakununua vile vikali. Kesho yake alirudi kituoni na kueleza ukweli wote, akaanzishiwa dozi upya. Jumamosi alikwenda naye. Waliambiwa wakae siku saba bila kukutana kimwili, hadi wote wamalize dawa. Mazungumzo yao kabla ya kufika pale hakunisimulia, nami sikumuuliza.