Kiziduo, Nyongeza na Dawa: Istilahi za Utafiti wa Unene

Ni kawaida kwa mfasiri wa maandishi ya sayansi kuhangaikia istilahi ngumu na kuyapita maneno madogo bila kuyatazama. Tuchukue sentensi hii: “Kiziduo cha tunda hili kinaweza kuwa nyongeza ya lishe ya kuzuia unene wa kupindukia, kama ilivyoonekana kwa panya.” Mara nyingi sentensi ya namna hiyo humfikia msomaji ikiwa imegeuka kuwa: “Yapatikana dawa ya matunda ya kupunguza unene.” Hapo yamepotea mambo manne. Nyongeza imekuwa dawa. Kinachoweza kuwa kimekuwa kilichokwisha kuwa. Kuzuia kumekuwa kupunguza. Na panya hayumo tena. Msomaji aliyeamini atatoa fedha zake, na huenda akaacha ushauri wa daktari.

Mfano wa kweli ni tunda la Garcinia gummi-gutta, ambalo zamani liliitwa Garcinia cambogia. Kusini mwa India ganda lake lililokaushwa hutiwa katika mchuzi wa samaki ili kuutia ukali, kama watu wa pwani yetu watumiavyo ukwaju. Mwaka 1965 wataalamu wa India walibainisha kwamba asidi kuu ya tunda hilo ni asidi ya hidroksisitriki. Mwaka 1969 ikaonekana kwamba asidi hiyo huzuia kimeng’enya kinachousaidia mwili kugeuza wanga kuwa mafuta. Katika miaka ya 1970 panya waliopewa asidi hiyo walikula kidogo zaidi, na uzito wao haukuongezeka kama wa wenzao.

Majaribio kwa watu hayakuleta matokeo kama hayo. Mwaka 1998 yalitangazwa nchini Marekani matokeo ya jaribio la majuma 12 lililohusisha watu 135. Waliopewa kiziduo walipungua wastani wa kilo 3.2, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungua kilo 4.1. Makundi yote mawili yalifuata mlo wa aina moja, na tofauti baina yao haikuwa ya maana kitakwimu. Kadhalika, madaktari wameandika taarifa za madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji wa nyongeza zenye tunda hilo.

Kutokana na mfano huu, istilahi zifuatazo zahitaji uangalifu:

1. Unene wa kupindukia. Neno “unene” peke yake halitoshi, kwani kwetu kunenepa huweza kuwa sifa ya afya na neema. “Kitambi” nacho ni cha tumbo tu. Kwa mtu mzima, hali hii hutambuliwa pale uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa meta, unapofikia 30 au zaidi.

2. Kiziduo. Ni kile kipatikanacho baada ya mmea kulowekwa katika maji au alkoholi, kuchujwa, na aghalabu kimiminiko kuvukizwa. Wengine hutumia “dondoo”, lakini neno hilo limekwisha zoeleka kwa vipande vya maandishi. “Juisi” na “unga” ni vitu vingine.

3. Nyongeza ya lishe. Isiitwe dawa. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mtengenezaji wa nyongeza halazimiki kuthibitisha kwamba inafaa kabla ya kuiuza; wa dawa hulazimika.

4. Kuzuia na kupunguza. Katika majaribio mengi, panya hulishwa chakula chenye mafuta mengi huku wakipewa kiziduo. Asiyenenepa sana amezuiliwa kunenepa; hakupunguzwa unene aliokuwa nao. Mtu anunuaye kidonge amekwisha nenepa.

5. Kidonge kisicho na dawa. Wengi husema “dawa bandia”, lakini raia alisikiapo neno hilo hufikiria bidhaa ya udanganyifu iliyokamatwa dukani. Katika jaribio hakuna wizi. Kidonge hicho ni kipimo cha ulinganisho.

6. Majina ya mimea. Tunda tulilolitaja huitwa pia “ukwaju wa Malabar”. Mfasiri akiliandika “ukwaju” tu, atamfanya msomaji aende kuchuma kwenye mti mwingine kabisa, maana mkwaju ni wa jamii ya kunde. Basi jina la Kilatini liandikwe daima.

Kwa ufupi, mfasiri ajiulize maswali matatu kabla ya kutia nukta: Ni nani aliyejaribiwa? Alizuiliwa au alipunguzwa? Mwandishi amesema “ni” au “huenda”? Neno “huenda” ni dogo, lakini katika taarifa za namna hii ndilo linalomlinda msomaji. Walimu nao wanaweza kuwapa wanafunzi tangazo na taarifa ya utafiti wazilinganishe. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi hizi, hasa “kiziduo”, wanaombwa watuandikie.